Louis Leakey: Kijana wa Kabete aliyejifunza kwa machungu kwamba jiwe bila anwani ni jiwe tu

UKISHUKA matatu Vipingo kwenye barabara ya Mombasa kuelekea Malindi, ukapanda bodaboda hadi ufuo wa Kuruwitu, kitu cha kwanza utakachotaka kufanya ni kuvua viatu. Usivue kwanza. Maji yakiwa yamekupwa, ule mwamba wa kijivu unaojitokeza una makali kama kisu. Inama uutazame. Utaona vitundu kama vya sega la nyuki, mistari kama ya ubongo, na magamba ya kombe yaliyoshikamana na jiwe.

Hayo ni matumbawe. Yalikuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Bahari ikashuka, matumbawe yakabaki nje, yakawa jiwe. Yaani hapo ulipo umesimama juu ya visukuku, mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa mwambani.

Sasa najua utakachofanya. Kuna kipande kimemeguka, kina umbo zuri, na kinaingia mfukoni. Utakipeleka Nairobi na kukiweka karibu na televisheni. Mwaka mmoja baadaye mgeni atakuuliza kilitoka wapi, nawe utasema pwani. Pwani gani? Upande gani wa mwamba? Juu au chini? Hapo utakuna kichwa.

Kabla hujakitia mfukoni, keti kidogo kivulini nikusimulie habari za mtu aliyekuna kichwa hivyo hivyo mbele ya ulimwengu mzima. Jina lake unalijua. Ni Louis Leakey.

Alizaliwa Agosti 7, 1903, Kabete, viungani mwa Nairobi, wazazi wake wakiwa wamisionari Waingereza. Lakini usimfikirie kama mtoto wa kizungu aliyefungiwa ndani. Alikua na vijana wa Kikuyu, akawinda nao, akaongea lugha yao kama wao, na akapitishwa jandoni pamoja na rika lake. Walimpa jina Wakaruigi, mwana wa kipanga.

Akiwa bado kijana mdogo alisoma kitabu kuhusu watu wa kale wa Ulaya waliotumia zana za mawe. Akatoka mbio nje kutafuta zake. Akaokota vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika, ambavyo wenyeji waliviona kuwa nyembe za mizimu. Watu wazima wengine walimcheka, lakini Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho ya Nairobi wakati huo, hakucheka. Alivitazama akamwambia kwamba baadhi yake ni zana za kweli. Pia akamfundisha kuweka orodha ya kila anachookota. Shika hapo hapo penye orodha, tutaparudia.

Mwaka 1922 akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Huko walitaka kila mwanafunzi wa fani yake afanye mtihani wa lugha mbili za kisasa. Leakey akashikilia kwamba Kikuyu ni lugha ya kisasa kama Kifaransa, na chuo kikakubali. Mwaka uliofuata akaumia kichwa akicheza raga, akashauriwa apumzike masomo. Wengine wangelala kitandani. Yeye aliondoka 1924 na msafara uliokwenda Tendaguru, Lindi, kusini mwa Tanganyika, kuchimba mifupa ya dinosaria. Kiongozi wa msafara, William Cutler, alimfundisha kufunika mfupa dhaifu kwa plasta kabla ya kuuinua. Alipohitimu Cambridge mwaka 1926, alikuwa tayari na mikono ya mchimbaji.

Hapa naomba tumwache kidogo tuzungumze kuhusu panya. Usicheke.

Nyikani kule Uingereza kuna panya mnene mwenye mkia mfupi na masikio madogo, anayeitwa vole. Kusini mwa Sahara hayupo. Chakula chake kikubwa ni nyasi na mimea mingine, na nyasi husaga meno vibaya sana. Zamani, wale wanaoishi kando ya mito walikuwa na magego yenye mizizi kama yako: yanaota, yanasagika, yanaisha. Wale waliozaliwa na magego marefu kidogo waliweza kula kwa muda mrefu zaidi na kuzaa zaidi. Kizazi baada ya kizazi magego yakazidi kurefuka, hadi wakatokea panya wenye magego yasiyo na mizizi kabisa, yanayoota maisha yote kama kucha. Hayo ndiyo mageuko ya viumbe, na unaweza kuyashika kwenye ncha ya kidole.

Ndiyo maana mtaalamu wa Ulaya akipata jino dogo la panya huyu kwenye udongo wa kale, anaweza kukadiria umri wa tabaka lile hata kabla hajaona kitu kingine. Wameligeuza kuwa saa. Mwaka uleule wa 1926, Martin Hinton wa makumbusho ya London alichapisha kitabu kikubwa kuhusu panya hao na ndugu zao wa nchi za baridi.

Lakini saa hiyo hufanya kazi kwa sharti moja. Lazima ujue jino lilitoka tabaka gani. Ukilitia mfukoni bila kuandika, saa imesimama, na hakuna fundi wa kuitengeneza.

Turudi kwa Leakey. Mwaka 1931 alifika Olduvai, bonde kavu kaskazini mwa Tanganyika, akiwa na Mjerumani Hans Reck aliyekuwa amechimba hapo mwaka 1913 na kusema hakuna zana za mawe. Leakey akaweka dau la pauni kumi kwamba atazipata ndani ya saa 24. Akazipata. Reck alikuwa akitafuta zana za jiwe la gumegume kama za Ulaya, na Olduvai watu wa kale walitumia mawe mengine. Kijana wa Kabete alijua mawe ya kwao.

Ushindi huo ulimpandisha kichwa. Mwaka 1932 alikuwa Kanam, kwenye rasi ya Homa kando ya Ziwa Victoria, wakati mfanyakazi wake Juma Gitau alipopata kipande cha taya ndani ya bonge la udongo mgumu. Leakey aliamini ni taya la binadamu wa kale kupindukia, aliyefanana nasi. Alilipeleka Uingereza, wataalamu wakakutana Cambridge mwaka 1933 na kumpongeza. Hakuwa amefika miaka 30, na tayari magazeti yalimjua.

Kisha akatokea mtu mmoja mwenye shaka. Percy Boswell alikuwa profesa wa jiolojia London, na swali lake lilikuwa rahisi: taya lilitoka wapi hasa? Mwaka 1935 alisafiri hadi Kanam ili aonyeshwe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vigingi vya chuma ambavyo Leakey alikuwa amevipigilia kuweka alama vilikuwa vimetoweka. Mvua zilikuwa zimekula kingo za makorongo. Ramani ya kina hakuwa amechora. Hata picha aliyowaonyesha watu Uingereza ikabainika kuwa ya mahali pengine. Leakey akazunguka kwenye jua, korongo hadi korongo, asiweze kusema kwa uhakika ni hapa.

Boswell akaandika aliyoyaona kwenye jarida la *Nature*, na sifa za Leakey zikaporomoka. Ndoa yake ya kwanza nayo ilikuwa ikivunjika kwa njia iliyowakera wakubwa wa Cambridge, na njia yake chuoni ikafungwa. Taya lenyewe leo wataalamu wengi huliona kuwa la mtu wa nyakati za karibu zaidi kuliko alivyodhani. Huenda angelijua hilo mapema kama angeandika anwani yake. Orodha aliyofundishwa na Loveridge utotoni ilimponyoka siku alipoihitaji kuliko siku zote.

Wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungefuta akaunti na kupotea. Leakey alirudi Kenya, akaishi kwa vibarua vya hapa na pale, na akaandika kitabu kirefu kuhusu mila za Wakikuyu. Mwishoni mwa 1936 alimwoa Mary Nicol, mchoraji na mwanaakiolojia aliyekuwa na kitu ambacho mumewe alipungukiwa: subira. Kwa Mary, kipande cha jiwe hakikuinuliwa kabla ya kuchorwa mahali kilipolala. Huko mbele, Olduvai, angechora ramani za sakafu nzima za kale, mfupa kwa mfupa, jiwe kwa jiwe.

Pamoja walirudi tena na tena Ziwa Victoria, kwenye kisiwa cha Rusinga, wakiwa na Heselon Mukiri, aliyeandamana na Leakey tangu miaka ya 1920 na mwenye jicho kali mno. Zamani sana volkano ilimwaga majivu hapo na kufunika kila kitu kwa upole, hata wadudu na matunda. Mwaka 1948 Mary alipata pale fuvu la Proconsul, nyani mkubwa asiye na mkia aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Dunia ikashangilia fuvu.

Lakini walichota na vidogo pia. Vijino, vitaya, vifupa ambavyo mtu mwingine angevikanyaga. Miongoni mwake kulikuwa na mabaki ya sange.

Sange ni nani? Kama wewe ni wa Kilifi labda umemwona. Toka Kuruwitu, fuata barabara kaskazini, pita mji wa Kilifi, na kabla ya kufika Gede msitu mzito utakuwa upande wako wa kushoto. Huo ni Arabuko-Sokoke, zaidi ya kilomita mraba 400. Ingia asubuhi ukae kimya. Utasikia majani makavu yakichakura, kisha atapita mnyama wa nusu kilo hivi, ana pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, miguu myembamba kama ya paa, na kiuno cha rangi ya dhahabu kama amekalia rangi mbichi. Huishi na mwenzake mmoja, hulala kwenye kiota cha majani chini ya miti, na hula wadudu na minyoo. Sange huyu wa dhahabu hapatikani popote duniani isipokuwa pwani ya Kenya. Wanasayansi walimpa jina lao mwaka 1881.

Mwaka 1969 mtaalamu Percy Butler alichapisha maelezo ya sange wa kale wa Rusinga, katika juzuu iliyohaririwa na Leakey mwenyewe. Meno yalimweka kwenye jenasi moja na huyu wa Arabuko-Sokoke. Fikiria hilo. Tangu Rusinga ilipofunikwa na majivu, nyani wengine wa kale wametoweka kabisa, na ukoo mwingine umefika hadi kwako wewe unayesoma haya kwenye simu. Vole wa Ulaya wamebadilisha meno hadi yakawa saa. Sange hawa hawakubadilika sana. Msitu wenye kivuli na wadudu ukiwapo, umbo lile lile linatosha.

Na kuna jambo ambalo Leakey hakuishi kulijua. Enzi zake, wataalamu walimweka sange kwenye kapu moja na virukanjia, kwa kuwa ni mdogo na anakula wadudu. Miaka ya 1990 walipolinganisha DNA, ile hati ya urithi iliyo ndani ya kila seli, kapu likapasuka. Kumbe ndugu za sange ni tembo, pimbi, muhanga, na nguva wa baharini! Wote ni wa ukoo mmoja mkongwe uliochipuka hapa hapa Afrika. DNA nayo ni anwani: haiangalii sura, inaangalia ulikotoka.

Yaliyobaki katika maisha ya Leakey pengine uliyasikia shuleni. Julai 17, 1959, Louis akiwa amelala hemani Olduvai na homa, Mary alitoka na mbwa wake akaona meno kwenye mteremko. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus. Safari hii hakuna aliyeuliza lilitoka wapi. Tabaka lilijulikana, majivu ya volkano ya tabaka lile yakapimwa, na mwaka 1961 jibu likatoka: takriban miaka milioni 1.75. Mwaka 1964, pamoja na Phillip Tobias na John Napier, Louis akatangaza Homo habilis. Na panya? Nao walitoa ushahidi. Bundi tunayemfukuza mapaani kwa kumwita ndege wa mkosi humeza panya na kutema mifupa, na mifupa ya namna hiyo kutoka Olduvai imewasaidia wataalamu kuona jinsi mahali pale palivyobadilika kutoka unyevu hadi ukavu.

Hakuwa malaika, na sitakuficha. Wakati wa Mau Mau aliwasaidia wakoloni na kuandika vitabu vya kuipinga vita hiyo. Kwenye kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria alikuwa mkalimani wa mahakama, hadi upande wa utetezi ulipomlalamikia kwa upendeleo naye akajiondoa. Mtu aliyepewa jina na Wakikuyu alisimama upande wa pili walipodai ardhi yao. Hilo nalo ni sehemu ya anwani yake, na ukisimulia maisha yake usiliruke.

Pia alijua kumwamini kijana. Mwaka 1960 alimtuma Jane Goodall, mwenye miaka 26 na asiye na digrii, kwenda Gombe, Tanganyika, kuwachunguza sokwe. Baadaye akawaunga mkono Dian Fossey kwa masokwe wa milimani na Biruté Galdikas kwa orangutangu wa Borneo. Alifariki London Oktoba 1, 1972, akiwa na miaka 69, akazikwa Limuru.

Sasa nyanyuka kivulini. Nyuma yako, kwenye vilima vya Kilifi kilomita kama 15 kutoka baharini, kuna pango linaloitwa Panga ya Saidi. Wachimbaji, wakiwemo wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, walikuta humo mifupa iliyooza hata haikuweza kuguswa. Hawakuichokora. Walikata bonge lote la udongo, wakalifunga kwa plasta, na kulipeleka maabara. Mwaka 2021 dunia ikajua: ni mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyelazwa kaburini kwa upendo miaka 78,000 iliyopita. Wakamwita Mtoto. Ni kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yaliyopatikana Afrika hadi wakati huo. Kama mtu angelichimba kwa jembe na kubeba fuvu nyumbani, leo tungekuwa na mfupa usio na habari.

Watu wa Kuruwitu wanaelewa jambo hili kuliko wengi wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliona samaki wanapungua na matumbawe yanakufa, wakaamua kuacha sehemu ya bahari yao ipumzike, bila kuvua. Wakati huo ilikuwa uamuzi wa njaa, kwa sababu watoto walihitaji kula. Samaki wakarudi, na mwaka 2017 kikundi chao kikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Walishinda kwa kuacha kitu mahali pake.

Sange wa dhahabu naye anahitaji ukarimu kama huo. Mitego na ukataji miti vinamfinya, na nje ya pwani hii hana pa kuhamia. Akiisha hapa, ukoo uliopita kwenye majivu ya Rusinga utakuwa umepoteza tawi lake la dhahabu mikononi mwetu.

Kwa hivyo kile kipande cha mwamba, kirudishe. Ukiona jino, mfupa au umbo la ajabu kwenye jiwe, hapa au kwenu, usiling'oe. Sheria ya urithi wa kitaifa ya 2006 inakataza kuondoa vitu hivyo bila kibali. Piga picha karibu, kisha piga nyingine ya mbali inayoonyesha mti, nyumba au mwamba wa jirani. Weka pini ya mahali kwenye simu. Andika tarehe. Halafu wajulishe watu wa makumbusho; hapa pwani wako Gede na Fort Jesus.

Leakey alizunguka Kanam mchana kutwa akitafuta vigingi vya chuma, na ikamgharimu miaka. Wewe kigingi chako kiko mfukoni, na pengine kina chaji ya kutosha. Kitumie, kisha vua viatu ukaogelee. Chunga makali tu.